Kisu Kisicho na Pete

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu Kengele amekitema kisu cha baba yake sasa hivi. Kilikuwa kimefungwa, na mimi nimeshika upande wa pili — sijarukwa na akili. Alikivuta mwenyewe mkononi mwangu, akakitia mdomoni, akakipapasa kwa ulimi kama anayetafuta kitu alichokiacha humo. Halafu akakitema. Akaniangalia. "Tata," akasema. Kwake tata ni "siyo". Mate yote yameishia kwenye gauni langu.

Nikakigeuza. Hakina pete!

Ngoja niandike kwa utaratibu, nikiandika kichwa kinatulia.

Leo mchana amekuja mtu kutoka kambi ya mbao anakofanya kazi mume wangu, Mashoto. Mtu wa makamo, shati la mistari, viatu vina unga wa mbao kwelikweli. Akasimama mlangoni, akasema, Shemeji, mwenzio anakusalimu, yuko salama, nyumba imepatikana, ujiandae. Gari la kambi limekuja mjini kuchukua misumeno, linarudi Jumamosi alfajiri, tupande mimi na mtoto. Akatoa kisu kwenye kitambaa.

Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Mimi nililia. Nikakipokea kisu bila hata kukitazama. Nani anachunguza kisu siku ya furaha?

Ila kisu ndiyo alama yetu. Mashoto alipoondoka, Kengele akiwa na meno mawili tu, aliniambia huko mtandao ni wa kubahatisha. "Nikimtuma mtu aje kuwachukua, atakuja na kisu changu. Asiye na kisu, hata akikutajia jina la bibi yangu, mfungie mlango." Alikuwa akipanda kilima Jumapili kunipigia simu. Tangu mvua zianze simu haipatikani, na mvua zimeshakwisha.

Kisu cha Mashoto kina pete kwenye kitako cha mpini, ya kutundikia. Kengele alipokuwa anaota meno, baba yake alishika kisu, yeye akatafuna pete. Mashoto akawa ananung'unika eti mate ya binti yake yataleta kutu. Na huku anacheka.

Labda pete imekatika tu. Pete zinakatika. Uji umeanza kumwagika jikoni.


Jumanne, 4 Juni

Pete haikukatika. Nimetazama kwenye mwanga wa dirisha. Kitako ni laini, hakuna tundu, hakuna kovu. Hapajawahi kuwa na pete pale!

Na siyo hiyo tu. Kisu cha Mashoto ni chapa ya kobe, hiki nacho ni chapa ya kobe. Mtu akikiona mezani atasema ndicho kile kile. Mpini wa mti uleule wa kahawia, urefu uleule. Lakini kobe wa Mashoto kichwa chake kinaelekea kwenye mpini. Mimi nilikuwa nikimtania: kobe wako anaangalia nyumbani. Huyu anaelekea kwenye ncha. Anaangalia nje.

Kile kina misumari mitatu ya shaba kwenye mpini, hiki kina miwili. Kijishimo cha kuingiza ukucha ili ukifungue, kile ni kirefu kama mfereji, hiki ni kama mwezi mwandamo. Tena hiki kina kichuma kimetokeza ubavuni, kinene kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Urembo tu, sijui.

Na sauti! Kisu cha Mashoto ukikifunga kinasimama kwanza katikati. Tak... tak. Alikuwa akinikatia nyuzi za mashono nikiwa nimempa mgongo, nami nikajua sasa amemaliza. Hiki kina tak moja tu, kama mlango wa mtu aliyenuna.

Sasa linalonitia baridi ni hili. Kwenye mpini wa kisu chake Mashoto alichora kengele ndogo kwa ncha ya msumari, wiki ile mtoto alipopata jina lake la utani kwa kulia bila kupumzika. Kengele nzuri, na ulimi wake ndani. Mashoto ana mkono wa ajabu — kule kwa fundi wa makochi alikuwa akichora maua kwa chaki kwenye kitambaa kabla hayajashonwa, wateja wanaomba chaki isifutwe.

Na hiki kina kengele. Lakini kengele gani! Imepinda, mistari imeteleza, inafanana na chungwa lenye mkia. Kama imechorwa na mtoto. Au na mtu aliyeambiwa tu, "kuna kengele pale."

Nani alimwambia?

Nimemwonyesha Mama. Akavaa miwani, akavua miwani. "Mwanangu, kisu ni kisu. Mume anakuita, wewe unahesabu misumari!" Nikasema, Mama, pete iko wapi? Akasema hata yeye alikuwa na meno yote siku ya harusi yake.

Nilicheka. Lakini cheko lenyewe halikushuka tumboni.


Jumatano, 5 Juni

Mgeni analala kwa dereva wa gari, ila kula anakula kwetu. Leo nimemwangalia anavyokata kamba ya gunia la mkaa ili amsaidie Mama. Mkono wa kulia. Nimeandika tu.

Jioni nimekwenda kwa fundi wa makochi, Kengele mgongoni. Fundi ndiye aliyemfundisha Mashoto kazi. Alinunua visu viwili vya kobe siku moja, kimoja akajiwekea, cha pili akampa Mashoto alipohitimu. Nikamkuta amelala ndani ya kochi lisilo na sponji, miguu nje.

Nikasema, Fundi, naomba kisu chako.

"Unataka kumchoma nani?"

Tukaviweka pamoja juu ya meza ya kukatia. Ndugu wawili wa mama tofauti!  Fundi akakunjua kile nilicholeta, akainamisha bapa hadi likashika mwanga, akapitisha kidole gumba.

Akasema, "Binti, aliyenoa hiki si Mashoto."

Akanieleza. Mtu wa mkono wa kushoto akinoa kwenye jiwe anakandamiza zaidi upande mmoja, mikwaruzo inalala huku. Kisu cha Mashoto ukikiazima kilikuwa kinakata kwa kupinda, wenzake walikuwa wanamlaani. Ndipo akaitwa Mashoto. Lakini mikwaruzo ya hiki imelala kule. "Huyu ni mtu wa mkono wa kulia. Tena kunoa kwenyewe anajifunza. Angalia, ameruka hapa, ameruka na hapa."

Akanusa mpini. Akasema umesuguliwa kwa msasa, uonekane umezeeka.

Nilikaa kwenye kochi lile lisilo na sponji, nikazama mpaka magoti yakafika kidevuni. Kengele akacheka. Yeye kila kitu ni bembea.

Fundi akasema jambo moja lingine, nami nimelibeba njia nzima. "Lakini mwizi aliyemwibia Mashoto angeleta kisu chenyewe. Huyu hana kisu, ila anakijua. Anakijua mpaka kengele yake." Nikamuuliza, sasa ni nani? Akachukua nyundo. Akasema yeye ni fundi wa makochi.


Alhamisi, 6 Juni

Mama ameshaanza kufungasha. Ametia shati la Mashoto la kitambaa kizuri, lile la vifungo vingi, na viatu vyake vya kamba. Anaimba. Mimi nikapitia nyuma yake kama paka aliyeiba.

Nilikwenda duka la vifaa kwa Baba Kufuli. Anauza kufuli, bawaba, misumari, na kwenye kabati la kioo ana visu. Chapa ya kobe vipo! Nikamwonyesha hiki. Hakukishika hata, alikitambua kwa mbali.

"Hicho ni toleo la juzijuzi."

Anasema cha pete hakiji tena, kiwanda kimeacha. Baada yake kikaja kisicho na pete, misumari bado mitatu. Sasa ndiyo hiki, misumari miwili, kobe amegeuzwa, na hilo fundo ubavuni. Nikamuuliza fundo la nini. "Fasheni, mama. Vijana wanapenda mbwembwe." Akataka kunionyesha, akaingia mtu aliyevunjikiwa ufunguo ndani ya kitasa na anapiga kelele kama amefungiwa yeye, nami nikaondoka.

Kwa hiyo ni hivi. Mashoto aliondoka hapa na kisu cha pete. Hiki hakikuwapo hata dukani wakati ule. Mtu amekinunua kipya, amekisugua msasa, amechora kengele, amekileta kwangu kwenye kitambaa kama maiti ya mtoto wa mfalme.

Hilo si kosa la kusahau. Hilo ni kukusudia.

Nikamwambia Mama, siendi. Akakaa chini juu ya mzigo. Hakugomba, na hilo ndilo liliniumiza. Akasema, "Mwanangu, mimi ni mama yake. Unadhani mimi sina wasiwasi? Ila nikiukubali wasiwasi wako, inabidi nijiulize mwenye kisu yuko wapi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimefikiria mgeni tu. Gari, barabara, mimi na Kengele katikati ya watu nisiowajua. Sikujiuliza kisu cha kweli kiko wapi. Na mkono uliokuwa unakishika.

Kengele amelala kifudifudi, makalio juu. Nimemfunika mara tatu.


Ijumaa, 7 Juni

Nimemtega mgeni.

Nilimwekea chai barazani, nikakaa na Kengele mapajani, nikajifanya mwepesi wa maneno. Nikasema, Shemeji, huyo mwenzangu bado anakoroma?

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Anakoroma? Shemeji, pale kambini mbao zinapasuka zenyewe! Tumemhamishia kitanda karibu na mlango, mlango ukalalamika."

Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Maana ni kweli! Anamjua. Amelala chumba kimoja naye. Moyo ukafunguka kama dirisha. Nikasema upesi kabla haujajifunga, Na kupiga misumari je, bado anawashinda kwa ule mkono wake wa kushoto?

Kicheko kikakatika. Akaweka kikombe chini. Akakizungusha.

"Siku hizi yuko stoo," akasema.

Stoo? Mashoto? Mtu asiyeweza kukaa kitako mpaka wali uive, awekwe stoo ahesabu mafuta ya mashine? Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, Kazi ni kazi, shemeji. Nikasema, Nani kamweka stoo? Akasema, Bosi. Nikasema, Kwa nini? Akamtazama Kengele, akamtazama muda mrefu, akasema, "Ana macho ya baba yake."

Sikuuliza kuhusu macho!

Nikatoa kisu, nikakiweka kati yetu. Nikamwambia, Hiki si chake. Sikupandisha sauti.  Nilitegemea aape, maana mwongo huapa haraka. Hakuapa. Alisema tu, "Ni chake, shemeji. Amenikabidhi mwenyewe, mkononi. Mengine atakuambia mwenyewe."

Mengine yapi? Mengine yapi! Yule mtu alinyanyuka, akamshukuru Mama kwa chai, akaondoka na jasho kwenye mgongo wa shati.

Nikamwuliza Mama kama amesikia. Alikuwa nyuma ya pazia, bila shaka amesikia. Akasema mwanaume huyu anaficha kitu, lakini haoni raha kukificha.

Mimi nimefungua mzigo. Nimetoa nguo za Kengele zote. Kama Mashoto ana mwanamke huko, na anataka nikae kwenye nyumba ya jirani kama mpangaji — aseme. Kama Mashoto hayupo kabisa, na hawa wanataka —

Sitaandika hilo. Karatasi nayo inasikia.

Fundi amesema atakuja alfajiri, aone gari na watu wake. Atakuja na kisu chake cha pete, eti kwa heshima.


Jumamosi, 8 Juni

Naandika haraka, nimesema naingia chumbani kuchukua nepi.

Gari lipo nje, linaunguruma. Fundi amefika, ameandika namba ya gari kwenye kiganja chake kwa kalamu, tena mbele ya dereva, makusudi. Mgeni amesimama karibu na gurudumu na shati lilelile.

Nilitoka kumrudishia kisu. Nilikuwa nimepanga maneno: chukua kisu chako, umwambie aliyekutuma aje yeye. Kengele alikuwa mkononi, huku kushoto, analia, amelowa, anataka lile blanketi lake. Na blanketi liko ndani ya mzigo! Mama alikuwa ameufunga upya, bila kuniambia, kwa kamba ya katani, mafundo kama ya kumfungia ng'ombe. Nikasema, Mama, kata. Mama ameshika taa. Fundi ameshika ndoo ya maji ya Mama. Mtoto anajirusha kama samaki. Na mimi nina mkono mmoja tu, una kisu kilichofungwa.

Kukifungua unahitaji mikono miwili. Mmoja ushike mpini, mwingine uingize ukucha. Wiki nzima nimekifungua hivyo, maana ndivyo nilivyozoea kuona kikifunguliwa.

Kidole gumba kikaangukia lile fundo. Sikufikiri. Nikasukuma.

Tak.

Kikafunguka! Mkono mmoja, wa kulia. Mtoto bado yuko kwenye mkono mwingine.

Nilisimama pale na kisu kimefunguka na kamba haijakatwa. Mama akasema, Kata basi. Sikukata. Nikakifunga kwenye paja, nikasukuma tena. Tak. Kwa mkono mmoja.

Siyo mbwembwe, Baba Kufuli. Si kwa kila mtu.

Vyote vikaja pamoja, kama vitu vinavyodondoka kabatini. Mikwaruzo imelala upande wa kulia, na aliyenoa anajifunza. Kengele imepinda kama imechorwa na mtoto. Stoo. Mtu wa mkono wa kushoto akichora kwa mkono wa kulia atachora nini? Atachora chungwa lenye mkia. Na kile cha pete labda kilipotea siku hiyohiyo ya ajali, na hata angekuwa nacho asingeweza tena kukifungua.

Na msasa. Alikisugua ili nisijue. Aliketi mahali fulani, kwenye stoo hiyo, akakibana kati ya magoti, akakisugua. Mjinga wewe! Ulidhani nitahesabu misumari? Ndiyo, nimehesabu. Ulidhani nikijua sitakuja?

Nilimwendea mgeni. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, Mama asisikie: ni vidole, au mkono mzima?

 Akageuka, akaanza kukagua gurudumu aliloshakagua. Akalipiga teke. Akalipiga tena. Halafu akajifuta uso kwa mkono wa shati, na hakukuwa na jua.

Kwa hiyo sijui. Labda najidanganya, nimejitungia hadithi kwa sababu naitaka. Mtu anayetaka kwenda huona njia kila mahali. Fundi nimempa namba ya simu ya dereva na nimemwambia tusipofika asikae kimya. Fundi akakunjua kile kisu kwa gumba, akakifunga, akakikunjua tena.  Akanirudishia kwa mikono miwili kama kikombe cha chai ya moto.

Nimekata kamba. Nimetoa lile shati la vifungo vingi, nimetia fulana mbili za kuvaa kwa kichwa. Viatu vya kamba nimevisukuma chini ya kitanda, nimetia kandambili. Mama aliniona. Aliangalia fulana, akaangalia vile viatu chini ya kitanda. Akakaa kitandani polepole sana. 

Sitamkaripia Mashoto. Nikimkuta, nitamweka Kengele upande ule ulio mzima, ambebe kwanza, halafu ndiyo tuzungumze. Nitamwambia kobe wake wa sasa ni mzuri, anaangalia mbele. Na pete nitamtafutia mtoto nyingine. Na nitamwambia kwamba kengele aliyoichora kwa mkono wa kulia, nimeitazama vizuri leo kwenye taa, na ndani yake ameweka ulimi, hakusahau, na ukiitazama hivyo siyo mbaya, ni kengele kabisa, inafanana na —

Mama ananiita. Nakuja! Honi imelia. Inafanana na ile ya kwanza, ila imekuwa kama inalia kutoka upande wa pili.